Mji Ambao Mabasi Yake Hayatoi Moshi

Wasomaji wetu wengi, na hasa vijana, wamekuwa wakituuliza habari za magari ya umeme na vyombo vipya vitokavyo Uchina. Wauliza: Je, ni kweli kuwa bei zake ni nafuu? Je, ni kweli kuwa haviharibu hewa? Na je, yafaa mtu wa kipato cha wastani kutoa fedha yake kwa ajili ya vitu hivyo? Tuliona kuwa jawabu iliyo bora ni kwenda kuvitazama huko huko vinakotengenezwa. Basi tukasafiri mpaka jimbo la Guangdong, kusini mwa Uchina, na haya tunayoyaandika ndiyo tuliyoyaona na tuliyojifunza.

Tulifikia kwanza Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na Nairobi wanaujua kama waijuavyo Kariakoo. Katika mtaa wa Xiaobei si ajabu kusikia Kiswahili kikisemwa mbele ya duka la vitambaa au la taa. Waislamu wa Uchina waitwao Wahui wana mikahawa yao humo, na juu ya milango wameandika kwa Kiarabu neno "halali", hata mgeni akala tambi na nyama kwa moyo mtulivu. Huko ndiko uliko Msikiti wa Huaisheng, ambao ni miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya Uchina, na maana ya jina lake ni kumkumbuka Mtukufu. Mnara wake wa duara una urefu wa mita 36, nao huitwa Mnara wa Nuru, kwani yasemwa kuwa zamani ulikuwa ukiwashwa taa ya kuongoza majahazi mtoni.

Karibu na Msikiti wa Xianxian lipo kaburi ambalo wenyeji hulinasibisha na Sahaba Saad bin Abi Waqqas (R.A.). Wanahistoria wa Kiislamu wameandika kwamba Saad alifia Aqiq, karibu na Madina, akazikwa Baqii. Lakini mapokezi ya wenyeji yana karne nyingi, na siku ya Ijumaa mahali hapo hujaa watu wa kila rangi na kila lugha. Tumeyataja haya ili msomaji ajue kuwa njia ya biashara iendayo bandari hiyo ni ya zamani sana, na kwamba waliotutangulia waliipita wakiwa wamechukua bidhaa zao na dini yao pamoja. Jambo hili tutalirejea mbele.

Kutoka Guangzhou tulipanda treni ya kasi kwenda Shenzhen, mwendo wa kilomita 100 na ziada kidogo, nayo haikuchukua hata saa moja. Shenzhen umepakana na Hong Kong. Mwaka 1980 Serikali ya Uchina ilipoutangaza kuwa eneo maalumu la uchumi, ulikuwa wilaya ya wakulima na wavuvi wenye kukadiriwa 300,000 na kitu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 walipatikana zaidi ya milioni 17. Mtu aliyezaliwa hapo kabla ya mwaka 1980 ameona mashamba ya mpunga yakigeuka majumba marefu ndani ya umri wake mmoja.

Lakini majumba marefu yako katika miji mingi ya dunia, na sisi hatukwenda kwa ajili yake. Tulikwenda kwa ajili ya mabasi. Tulisimama asubuhi kando ya barabara kuu ya Shennan, saa ambayo watu wanakwenda makazini, na mabasi yalikuwa yakipita moja baada ya jingine bila ya kukatika. Mtu aliyezoea vituo vya miji yetu anajua asubuhi zilivyo: ngurumo za injini, moshi mweusi wa dizeli, na akina mama wanaoziba pua za watoto wao kwa ncha za kanga. Hapo Shennan palikuwa na mvumo tu wa magurudumu juu ya lami. Tuliweza kuzungumza kwa sauti ya chini na kusikizana. Tulinusa mvua iliyonyesha usiku, tukanusa na maandazi ya mvuke yaliyokuwa yakiuzwa kando ya njia.

Mji huo ulimaliza kubadili mabasi yake yote mwishoni mwa mwaka 2017. Yalikuwa mabasi 16,359, na kwa hivyo Shenzhen ukawa mji mkubwa wa kwanza duniani ambao mabasi yake yote ni ya umeme. Baada ya mabasi zikafuata teksi. Kazi hiyo haikufanyika kwa siku moja wala kwa maneno. Serikali Kuu na Serikali ya mji zilitoa ruzuku ambayo katika miaka ya mwanzo ilifikia yapata nusu ya bei ya basi; vikajengwa vituo vya kuchaji; mabasi yakapangiwa yachajiwe usiku, wakati umeme ni rahisi na abiria wamelala, kisha mchana kutwa yafanye kazi. Basi la aina iliyotumika sana huko huweza kwenda kiasi cha kilomita 250 kwa chaji moja, na masafa hayo yalitosha njia nyingi za mjini.

Huenda msomaji akauliza, faida iko wapi ikiwa umeme wenyewe hutengenezwa kwa makaa ya mawe? Swali hili ni la haki, nasi hatutaki kulikimbia. Zaidi ya nusu ya umeme wa Uchina hutokana na makaa ya mawe, kwa hivyo moshi haukutoweka wote. Sehemu yake imehamia kwenye mabomba ya mitambo iliyo mbali na mji. Hata hivyo iko tofauti kubwa. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta kwa joto tu, na kiasi cha robo hivi ndicho kinachosukuma magurudumu. Lakini mota ya umeme hutumia zaidi ya asilimia 80 ya umeme inaopewa. Tena basi la umeme linaposhika breki, mota yake hugeuka ikawa ya kuzalisha umeme na kuurudisha katika betri. Na lililo kubwa zaidi ni kuwa moshi umeondolewa pale pale mapua ya watu yalipo, kituoni, dukani na mlangoni mwa shule.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kuondosha njiani kitu chenye kuudhi watu ni sadaka. Wengi wetu tumelifahamu fundisho hili kwa jiwe na kwa mwiba. Tulipokuwa tumesimama Shennan tuliona kuwa moshi nao ni udhia wa njiani, tena ni udhia ambao mpita njia hawezi kuuruka wala kuukwepa.

Sasa tuje kwenye magari madogo, ambayo ndiyo yawavutiayo vijana. Katika Uchina magari ya nishati mpya hupewa namba za rangi ya kijani, na Shenzhen ulikuwa mmojawapo wa miji mitano ya kwanza kuzitumia, mwezi wa Desemba 2016. Kutoka dirisha la mkahawa wetu tulijaribu kuhesabu namba za kijani na za buluu, na za kijani zilitushinda upesi. Mwezi wa Julai 2020, katika mji wa Liuzhou wa jimbo jirani la Guangxi, kilitolewa kigari kiitwacho Wuling Hongguang Mini EV ambacho bei yake ilianzia yuani 28,800, yaani kama dola 4,100 za Marekani za wakati ule. Kina viti vinne vya kubanana, na cha bei ya chini kilikuwa cha kwenda kilomita 120 kwa chaji moja. Mwezi wa Aprili 2023 kampuni ya BYD, ambayo makao yake makuu ni Shenzhen, ilitoa gari liitwalo Seagull kwa bei iliyoanzia yuani 73,800.

Urahisi huo umetokana na betri. BYD yenyewe ilianzishwa mwaka 1995 na Wang Chuanfu kwa ajili ya kutengeneza betri, na betri zake nyingi ziliingia katika simu za mkononi; magari ilianza kuyatengeneza mwaka 2003. Tangu mwaka 2010 bei ya betri za lithiamu duniani imeshuka kiasi cha asilimia 90. Kitu kilichokuwa sehemu ghali kabisa ya gari kilipoanguka bei, gari zima likaanguka pamoja nacho.

Hapo ndipo tulipotambua kuwa simu iliyo mfukoni na basi lililo barabarani ni ndugu wa baba mmoja. Tukaenda kumtazama ndugu wa pili katika mtaa wa Huaqiangbei, soko la vyombo vya umeme ambalo huenda halina mfano wake duniani. Ni majengo marefu yaliyojaa vibanda, ghorofa juu ya ghorofa, kila kibanda upana wa meza. Huku wauza vioo vya simu, kule saa za mkononi zipimazo mapigo ya moyo, kule spika ndogo kama yai, taa za jua, kamera, vifaa vya kuruka angani. Mwenye kuingia na haja ya waya mmoja hutoka na mfuko. Sisi wenyewe tulishika vitu vingi mikononi tukavigeuza-geuza, kwa kuwa ni vizuri, na akili iliyovitengeneza ni neema ya Mwenyezi Mungu isiyokanushika.

Lakini wahenga wetu walisema, kipya kinyemi kingawa kidonda. Katika soko lile tuliona simu ambazo hazikuwa na dosari, zimetupwa na wenyewe kwa sababu moja tu, kuwa mwaka umepita na nyingine zimetoka. Mwenyezi Mungu ametukataza israfu, na hakuibagua iliyo ya fedha nyingi na iliyo ya fedha kidogo. Urahisi wa kitu hauiondoi israfu. Mara nyingi ndio unaoileta, kwa kuwa mtu hujiambia kuwa ni kidogo tu, akanunua mara kumi.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Betri za simu zetu na za mashine za mikononi kwa kawaida zina madini ya kobalti. Zaidi ya theluthi mbili za kobalti yote ya dunia huchimbwa Kongo, hasa katika eneo la Kolwezi, ambako watu wanasema Kiswahili kama sisi. Mwaka 2016 Shirika la Amnesty International lilieleza katika taarifa yake jinsi watoto walivyokuwa wakiokota na kubeba mawe ya madini hayo. Ama mabasi ya BYD hutumia betri za chuma na fosfati, ambazo hazina kobalti kabisa, na magari yake madogo ya bei nafuu vile vile. Basi tazama ajabu hii: basi linalobeba watu mia halimdai chochote mtoto wa Kolwezi, na simu tunayoibadili kwa fahari ndiyo yenye kumdai.

Tukiwa Shenzhen tulikutana na kijana mmoja wa Tanga, naye alikuwa amebeba amana nzito. Waendesha bodaboda wa mtaani kwao walikuwa wamechanga fedha kwa muda wa miaka miwili, wakamtuma awanunulie pikipiki za umeme ishirini. Muuzaji mmoja alimwonyesha betri za namna mbili. Za kwanza zilikuwa mpya, nazo zingemwezesha kununua pikipiki kumi na mbili tu. Za pili zilikuwa zimetolewa katika vyombo vilivyochakaa, zikatiwa katika makasha mapya yenye chapa ya kung'aa, na kwa bei yake zingepatikana zote ishirini. Kwa macho hazikuwa na tofauti.

"Wazee wangu," alituambia, "wale wenzangu wanangojea pikipiki ishirini. Nikirudi na kumi na mbili watasema nimekula fedha. Nikirudi na ishirini watanibeba mabegani."

Tukamwuliza, "Na watakubeba mpaka lini, mwanangu?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mpaka betri zitakapokufa."

Tulimkumbusha kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono wake katika lundo la chakula, akakuta chini yake pamelowa, na juu yake pakavu, naye akamwambia mwenye mali aiweke ile iliyolowa juu watu waione, na akawatahadharisha watu na ghushi kwa maneno mazito. Kasha jipya juu ya betri kuukuu ndilo lundo lile lile. Siku ya pili kijana alikwenda kwa muuzaji akataka betri mbili za bei ya chini zijaribiwe. Zilichajiwe mpaka zikajaa, akaendesha kuzunguka uwanja wa ghala mpaka zikaisha, na hakuna iliyofika hata nusu ya masafa yaliyoandikwa juu ya kasha.

Usiku ule aliwapigia simu wenzake nyumbani, nasi tulikuwa tumekaa naye. Maneno yalikuwa makali. Mmoja alisema kuwa pikipiki kumi na mbili kwa watu ishirini ni kuleta fitina. Mwingine akasema heri ngamia mmoja mzima kuliko wawili vilema. Mwishowe mzee wao akaamua kuwa zinunuliwe kumi na mbili mpya, waziendeshe kwa zamu, asubuhi wengine na jioni wengine, na akiba itakayopatikana inunue zilizobaki. Kijana hakufurahi wala hakuhuzunika. Alisema tu, "Sasa nitalala." Twaona kuwa katika safari nzima hatukusikia neno lililotupendeza zaidi ya hilo.

Ziko hatari mbili nyingine ambazo yapasa kila nyumba izijue. Ya kwanza ni taka. Katika jimbo lile lile la Guangdong uko mji wa Guiyu, ambao kwa miaka mingi ulijulikana duniani kwa kuvunja vyombo vikuukuu vya umeme. Watu waliunguza waya na kuoshea vipande kwa asidi majumbani mwao, hata maji na udongo vikaingia sumu ya risasi, mpaka mwaka 2015 Serikali ilipoviondoa viwanda vya majumbani ikavikusanya mahali pamoja penye usimamizi. Chombo kisicho na moshi leo chaweza kuwa sumu kesho, kama hapana mtu aliyejipanga kuipokea betri yake itakapokufa.

Ya pili ni moto. Uchina ina baiskeli na pikipiki ndogo za umeme zaidi ya milioni 300, na mwezi wa Februari 2024 katika mji wa Nanjing moto ulioanzia mahali zilipowekwa, chini ya jengo la kukaa watu, uliua watu 15. Kwa hiyo pikipiki isichajiwe ukumbini wala kwenye ngazi, wala isiachwe kwenye chaji usiku watu wamelala, na wala isitumiwe chaja isiyokuwa yake.

Ama sisi wa Afrika ya Mashariki, Mwenyezi Mungu ametupa jambo ambalo Shenzhen hawana. Umeme wa Kenya, zaidi ya asilimia 80, hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Tanzania ilianza mwezi wa Februari 2024 kupata umeme wa bwawa la Mto Rufiji, ambalo uwezo wake ni megawati 2,115. Basi la umeme likitembea katika miji yetu litakuwa safi kuliko lile lile likitembea kule lilikozaliwa. Na kazi imekwisha anza: mwaka 2022 mabasi ya umeme ya BYD yalianza kubeba abiria mjini Nairobi, na Kigali waendesha pikipiki hubadilishana betri kituoni, wakaacha iliyokwisha na kuchukua iliyojaa kwa muda mfupi tu. Kwa njia hiyo mwendesha pikipiki maskini halazimiki kuinunua betri, na mwenye kituo ndiye ajuaye itakwenda wapi ikifa.

Enyi vijana wetu, msichukie kipya kwa kuwa ni kipya, wala msikipende kwa sababu hiyo hiyo. Kabla ya kutoa fedha, ulizeni mambo haya: Je, chombo hiki kitaondoa udhia gani kwangu na kwa jirani yangu? Betri yake ni ya namna gani, ni mpya kweli, na nani ataitengeneza ikiharibika? Kilichopo mkononi kimekwisha kazi, au kimekwisha sifa tu? Na kama chauzwa kwa kulipa kidogo kidogo, je, bei yake imejulikana tangu mwanzo, au huongezeka kila nikichelewa, ikawa nimeingia katika riba? Na nyinyi mlio viongozi wa mitaa na misikiti, msingojee mpaka kila mtu awe na gari lake. Shenzhen ulianza na basi la wote, na katika basi hilo tajiri na maskini walivuta hewa moja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, mali yenye halali, na macho yenye kuona kilicho chini ya lundo. Amin.